Khanga Juu ya Televisheni

Wanasema siku hizi kuna nchi ambazo polisi akitoka doria anavaa kamera kifuani, kadude kadogo kama kiberiti, nako kanakodoa jicho kwa niaba yake tangu anatoka kituoni mpaka anarudi. Akipigwa, kameona. Akipiga, kameona vilevile. Konstebo Revelian alipokuwa akizunguka Keko mwaka 1993, kifuani alikuwa na filimbi na vifungo vya gwanda, kimoja kimelegea. Kiunoni alikuwa na kirungu. Mengine yote alimwachia Mungu, na Mungu, kama ujuavyo, haitwi kituoni kuandikisha maelezo.

Revelian alikuwa mtu wa Bukoba, mrefu, mpole kuliko kazi yake. Mkewe Felicitas alizoea kumtania kwamba akimkamata mwizi humwuliza kwanza kama amekula. Keko alipangiwa doria ya mchana, kwa miguu, peke yake, kwa kuwa kituo kilikuwa na gari moja na gari lenyewe halikuwa na betri. Utadhani doria ya mchana ni kazi ya kunyoosha miguu tu. Anayedhani hivyo hajawahi kusikia mtu akipiga ukelele wa mwizi katika mtaa wa maseremala. Pale kila mtu ana kipande cha mbao mkononi tangu asubuhi, na wala hajakusudia ubaya wowote.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya harusi. Bi Mwajabu, mjane mwenye nyumba yake nyuma ya vibanda vya samani, alikuwa akimwoza binti yake Nusaiba, na upande wa bwana harusi walikuwa wanaleta begi. Begi ni sanduku la nguo, viatu na manukato ya bibi harusi, na kina mama hulibeba kichwani kwa nyimbo na vigelegele, matarumbeta yakitangulia. Dhahabu haikutiwa sandukuni. Iliwekwa kwenye sinia, juu ya kitambaa chekundu, maana dhahabu ambayo majirani hawakuiona ni sawa na ambayo haikuletwa. Maseremala waliacha kazi wakasimama kutazama, wengine wakiwa na mbao zao mikononi. Juu ya meza ya fundi mmoja, miguu mitupu, kamera ya video begani, alisimama Fatema, mke wa Kazim mwenye duka la video. Familia za Kiislamu za mjini zilimpenda Fatema kwa sababu moja kubwa: alikuwa mwanamke, kwa hiyo angeweza kupiga picha mpaka vyumba vya ndani, kina mama wakiwa wenyewe kwa wenyewe.

Mkono ukachomoka kwenye umati, ukanyakua mkufu mmoja kwenye sinia. Kijana akachepukia katikati ya makabati yaliyosimamishwa kando ya barabara. Aliyemwona vizuri alikuwa Benedikto, mpiga msasa aliyekuja mjini majuzi tu, na bila kufikiri akatoka mbio kumfukuza. Hapo ndipo kosa lilipozaliwa. Mtaa mzima uligeuka, ukaona mgeni asiyejulikana anakimbia mbele ya watu, na katika hekaheka za namna ile anayekimbia mbele ndiye mwizi. Hakuna anayeuliza kama mbele yake kuna mwingine.

Revelian alipuliza filimbi. Matarumbeta yakaimeza. Alipofanikiwa kupenya, Benedikto alikuwa ameshaanguka, damu inamtoka kichwani, na watu wamemzunguka wakiwa na hasira ile isiyo na mwenyewe. Chuoni alifundishwa kwamba askari akizidiwa arudi nyuma, aite msaada. Angeuita kwa kitu gani, na simu ya upepo hakuwa nayo? Akafanya jambo moja lililobaki. Alijilaza juu ya yule kijana kama mama anavyomlalia mtoto paa likianguka, akakifunika kichwa cha kijana kwa mkono wake wa kulia. Alipigwa mgongoni, akapigwa mapajani. Kisha gongo moja likashuka toka juu kabisa, na mfupa wa mkono aliusikia kabla hajasikia maumivu. Aliogopa sana. Aliwaza watoto wake, akawaza kwamba anakufa kwa ajili ya mtu ambaye hata jina lake halijui.

Mtu akapiga kelele kwamba wanaua polisi. Kufumba na kufumbua mtaa ukawa mweupe. Waliokuja baadaye walimkuta askari yuko juu ya mtu aliyelowa damu. Sasa hapo hata wewe ungesema nini?

Ndivyo walivyosema. Benedikto alipozinduka hospitalini hakukumbuka kitu zaidi ya kukimbia. Kaka yake akafungua malalamiko kwamba mdogo wake alipigwa kirungu na polisi. Maseremala wakaitwa, na kila mmoja akaimba wimbo uleule: "Sie tulimkuta afande yuko juu yake." Si kwamba walimchukia Revelian, wengi wao alikuwa akiwajulia hali kila siku. Walijiogopea. Kila mmoja alijua siku ile mkononi alikuwa ameshika nini.

Revelian akasimamishwa kazi, mkono wake wa kulia umo kwenye plasta. Mkubwa mmoja, Inspekta Gregori, aliletwa kuchunguza. Mambo yakimwelemea, angevuliwa gwanda, familia ingetolewa kwenye nyumba ya serikali, na yeye angepelekwa mahakamani. Gereza la Keko lilikuwa palepale, ng'ambo ya mitaa aliyokuwa akiilinda. Kilichomuuma zaidi ni kuwaza watoto wake wakipita karibu na ule ukuta wakienda shule, wakijua baba yao yumo ndani.

Felicitas ndiye aliyeuliza, huku akimfunga vifungo vya shati: "Si ulisema kulikuwa na harusi? Harusi gani siku hizi haina video?"

Revelian aliketi kitandani kwa ghafla. Alimkumbuka mama aliyesimama juu ya meza.

Dukani kwa Kazim alipokewa vizuri. Kazim alimvutia kiti, akamwita mkewe aliyekuwa nyuma ya pazia akiunganisha mikanda. Fatema alipouona ule mkono, uso ulimbadilika. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mkanda ninao, kaka," akasema taratibu. "Lakini si wangu. Mwanzo wote ni kina mama wako ndani, wamevua mabuibui, wanacheza, wanamfunda bibi harusi. Niliwaapia kwamba hautaonwa na jicho la mwanamume. Hata huyu hajauona."

"Mikanda yote ya humu naijua," Kazim akasema. "Hiyo ya kina mama tu ndiyo nimepigwa marufuku."

"Angalau niambie, kwenye huo mkanda mie nimo?"

"Mali ya watu ni amana. Nenda kwa Bi Mwajabu," Fatema alisema, na hakumtazama machoni.

Akaenda. Bi Mwajabu alikuwa barazani, juu ya mkeka, anachambua mchele. Uani, mwanawe Farhan, seremala kijana, alikuwa anapiga randa mguu wa kitanda. Farhan alipomwona mgeni na plasta yake, aliweka randa chini akaingia ndani. Revelian hakulitilia maanani. Vijana wengi wa Keko walikuwa wakimkwepa siku zile.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole na mkono. Karibu, kaa."

Aliletewa chai ya tangawizi na vitumbua. Alieleza shida yake yote, bila kuficha, hata ile ya watoto na ukuta wa gereza. Bi Mwajabu alisikiliza akiendelea kuchambua mchele, ingawa mchele wenyewe ulikuwa umekwisha kuwa safi.

"Mwanangu, nimekusikia," akasema mwishowe. "Lakini wale ni mama zao watu, ni wake zao watu. Walijiachia kwa sababu mie niliwaambia, chezeni, humu ndani hamna mwanamume. Nikautoe mkanda polisi, wautazame maafande? Nitawaangalia vipi wenzangu? Nisamehe."

Alimwelewa, na hilo ndilo lililomkata maini. Angekuwa mkorofi angemkasirikia. Akashukuru kwa chai, akaaga, akarudi nyumbani kumwambia Felicitas kwamba wasali tu.

Siku ya kusikilizwa ikafika. Ilikuwa asubuhi, kwenye chumba cha nyuma cha kituo, na joto lilikuwa limeamka mapema kuliko watu. Inspekta Gregori alikuwa mtu wa makamo mwenye mvi nadhifu na sifa ya kutocheka. Alisoma maelezo ya maseremala, moja baada ya jingine, na yote yalifanana mpaka mtu angedhani yameandikwa na mtu mmoja. Kisha akamwuliza Revelian kama ana shahidi.

"Sina, afande."

Nje kukasikika mkokoteni ukigota kwenye ngazi. Juu yake palikuwa na televisheni imefungwa kwa kamba, deki ya video, na waya uliozungushwa. Fatema alikuwa upande mmoja ameishika isianguke, Bi Mwajabu yuko nyuma na mkoba wake, na aliyekuwa akisukuma ni Farhan. Aliiingiza televisheni ndani, akaiweka mezani kwa uangalifu, akatoka bila kumsalimu mtu, akakaa kwenye benchi la nje.

Revelian aliinuka kitini. Alitaka kumshukuru yule mama papo hapo, lakini Inspekta alikuwa ameshaanza kuuliza.

Fatema akaeleza, akaomba aonyeshe kile kipande cha barabarani tu. Alikuwa amekinakili kwenye mkanda mwingine.

"Mkanda uliokatwa ni shahidi aliyefundishwa," Inspekta akasema. "Nautaka wenyewe, kuanzia mwanzo, na mtu asiguse kitufe." Alipoambiwa ya kina mama, akasema angemwita askari wa kike autazame, ila wa pekee wa kituo hicho yuko likizo ya uzazi, na anayetia saini ni yeye.

"Utaupata wote, afande," Bi Mwajabu akasema. Akafungua mkoba, akatoa khanga, akaikunjua, akaifunika televisheni kote, mbele na ubavuni, kama anamstiri mwali. "Masikio nawaachia. Macho mtayangoja. Mkanda ukifika barabarani, nitafunua mwenyewe."

Inspekta Gregori alikuwa amehoji mashahidi walevi, mashahidi waongo na mashahidi waliozirai, lakini shahidi aliyejitanda khanga hajapata kumwona. Aliitazama televisheni, akamtazama mama. Akavuta kiti.

Basi wakasikiliza. Ngoma ilidunda, kina mama wakacheka, wakaimba, wakarushiana mafumbo. Yakaja maneno ya kumfunda bibi harusi juu ya mambo ya chumbani, yametamkwa waziwazi na bibi mmoja mwenye sauti ya mkwaruzo, na Inspekta, mtu mwenye wajukuu, akaikagua kalamu yake kwa bidii kubwa kama ni silaha iliyookotwa. Konstebo mmoja mlangoni alijifanya anakohoa. Fatema alijiziba mdomo kwa ushungi. Revelian mwenyewe, pamoja na hofu yake yote, aliuma midomo asicheke.

Hatimaye matarumbeta yakasikika. Bi Mwajabu akainuka, akashika pindo la khanga. Na umeme ukakatika.

Mwaka ule mgao wa umeme ulikuwa haumwogopi mtu. Chumba kikawa kimya, feni ikazunguka kidogo kwa uvivu halafu ikasimama. Walingoja. Jasho liliwatiririka, nje mtu alikuwa anapiga misumari. Revelian alimtazama Bi Mwajabu aliyesimama vilevile, mkono juu ya khanga, midomo ikicheza kwa dua. Angeweza kukunja khanga yake wakati ule, akasema shughuli imeahirishwa, akaenda zake, na hakuna ambaye angemlaumu. Mara kwa mara aligeuka kutazama mlangoni, kule kwenye benchi. Revelian hakuelewa anatazama nini.

Umeme ukarudi. Bi Mwajabu akavuta pumzi, akaifunua televisheni.

Hawa hapa kina mama na sinia lao. Mkono ukanyakua. Kijana akachepuka, na nyuma yake akaonekana Benedikto anamkimbiza, wazi kabisa, anamnyooshea kidole mwizi mwenyewe. Picha ikatikisika, kwa kuwa Fatema alikuwa anageuka juu ya meza, halafu ikatulia. Benedikto chini. Mbao zinapanda na kushuka. Kisha askari mrefu anapenya, anajitupa juu yake, na kirungu kimo kiunoni mwake, kimefungwa, tangu mwanzo mpaka mwisho. Akionekana kwa juu namna ile, Revelian alijiona mdogo sana. Alitazama mgongo wake mwenyewe ukipigwa, macho yakamjaa machozi. Mpaka saa ile alikuwa ameanza kujishuku kama kweli ilikuwa vile alivyokumbuka.

Likaja lile gongo. Lilishikwa kwa mikono miwili, likainuliwa juu ya kichwa cha Benedikto, na likashuka juu ya mkono uliokuwa umekifunika kile kichwa. Aliyelishika akageuza uso upande wa kamera.

Inspekta akarudisha nyuma. Akatazama tena. "Kijana huyu ni nani?"

"Mwanangu," Bi Mwajabu akasema. "Farhan. Yuko nje hapo, ndiye aliyekusukumia televisheni."

Inspekta alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Kisha akamgeukia Revelian. "Konstebo, kwako nimemaliza. Kavae gwanda lako." Akasema wote wanaoonekana kwenye mkanda wataitwa, na Farhan ataanza leo, atalala mahabusu mpaka maelezo yake yakamilike. "Kuhusu huo mkono, mwenye mkono anasemaje?"

"Mkono ni wangu, afande, na nimemsamehe," Revelian akasema. "Ya Benedikto siwezi kumsemea. Hayo aulizwe Benedikto."

Alimfuata Bi Mwajabu ukumbini. Njia nzima, kutoka kitini mpaka mlangoni, alikuwa anapanga maneno ya kushukuru, makubwa, ya kumtosha mtu aliyemtoa gerezani kabla hajaingia. Lakini yule mama ndiye aliyeanza.

"Siku ile barazani nilikudanganya nusu," akasema. "Ya kina mama ilikuwa kweli, lakini nilikuwa namficha huyu. Fatema alishaniwekea mkanda nikaona. Ulipoondoka na mkono wako ule sikuweza kula. Nikamwita nikamwonyesha. Nikamwambia, tazama gongo lako lilikuwa linakwenda wapi. Lilikuwa linakwenda kwenye kichwa cha mtoto wa mwenzangu, tena mtoto ambaye hakuiba." Akajifuta uso kwa ncha ya khanga. "Alilia, afande. Akasema, mama, twende. Leo mwanangu analala ndani na mie nitalia, sikufichi. Lakini sikuzaa muuaji. Pale katikati, baina ya gongo na kile kichwa, hapakuwa na kitu ila mkono wako. Ahsante, mwanangu. Mungu akupe umri."

Maneno yote aliyoyapanga yakamtoka Revelian kichwani. "Mama, mie ndiye nilikuja kukushukuru."

"Basi tushukuriane, tusigombee nani kaanza," akasema. "Na chakula je, mnaruhusu kumletea?"

"Tunaruhusu. Nitakuwepo mwenyewe kaunta."

Inspekta alimwambia aende nyumbani akapumzike. Hakutaka. Alimpelekea Felicitas habari, akaona jinsi alivyokaa chini kwenye kizingiti na kucheka huku analia, akavaa gwanda, upande mmoja wa shati ukining'inia juu ya plasta, akarudi kazini. Kaunta iliyomchosha miaka nenda miaka rudi ilimwonekea nzuri. Aliwasalimu hata waliokuja kulalamikia kuku. Farhan aliletwa apite kwenda ndani, na alipofika mbele yake akasimama akiangalia sakafu.

"Kaka, mie..."

"Najua," Revelian akasema. "Ingia. Mkeka wa upande wa dirisha una hewa."

Jua likielekea kuzama, Bi Mwajabu alirudi na mkoba uleule. Akatoa hotipoti mbili, akaziweka juu ya kaunta. Zote zilikuwa za wali wa nazi na samaki wa kupaka, zimejazwa sawasawa.

"Hii mpelekee mwanangu," akasema. "Na hii yako."

Revelian alizifunua. Ya Farhan ilikuwa ya kula kwa mkono. Yake, juu ya wali, yule mama alikuwa ameweka kijiko.